Nywila ya Ukutani Si Kufuli
Mkahawani, nywila ya Wi-Fi hubandikwa ukutani kando ya bei za chai na chapati, na wateja huamini kwamba wamefungiwa mlango. Sivyo. Katika mfumo wa usalama wa Wi-Fi uitwao WPA2, mwenye nywila hiyohiyo akinasa mawimbi ya simu yako inapojiunga na ruta anaweza kufumbua mawasiliano yako. Mwaka 2010 programu ya Firesheep ilionyesha jinsi ilivyo rahisi kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya mtu wa meza ya pili, kwenye Wi-Fi isiyo na nywila.

Wapo watakaosema hatari hiyo imekwisha kwa kuwa tovuti nyingi sasa hutumia HTTPS, inayosimba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti. Kweli imepungua, tena sana. Lakini HTTPS humlinda mteja anayesoma barua pepe. Haiilindi kompyuta ya kaunta, printa wala kamera zilizo kwenye mtandao mmoja na wageni. Hapo mzigo ni wa mwenye mkahawa: atenge mtandao wa wageni na wa biashara, azuie vifaa vya wageni visionane, abadilishe nywila ya kiwandani ya ruta, tena agawe kasi ili anayepakua filamu asimkwamishe mwanafunzi anayejaza fomu ya chuo. Ruta nyingi zina mipangilio ya mtandao wa wageni tayari, hivyo kisingizio cha gharama hakina uzito.