Mzazi Anastaafu na Anataka Kuhamia Kaskazini? Chagua Mji kwa Maji Kabla ya Bei ya Kiwanja

Leo tuweke pembeni mbegu na viuatilifu kidogo.

Simu ninazopigiwa siku hizi nyingi zina swali moja: "Bibi shamba, mzee anastaafu Dar, anataka mji wa bei nafuu huku kaskazini afuge na kulima kidogo. Tumpeleke wapi?" Hili ni swali la kilimo kabisa, maana sehemu ya ule mkupuo mara nyingi inaishia shambani, na msimamizi wa shamba ni wewe. Wewe ukikosea msimu huu, mwakani unajaribu tena. Mtu wa miaka 60 akikosea, ile pesa hairudi.

Naanza na kosa langu.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipokaribia kustaafu aliniachia mimi kazi ya kumtafutia sehemu. Mwezi wa Aprili nikapata eka mbili nje ya mji wa Same, upande wa tambarare, bei ya kutupa. Majani ya kijani kila mahali. Nikachimba udongo, nikapima pH, nikaridhika. Nikamwambia mama, lipia.

Septemba tukarudi na fundi kuchimba msingi. Vumbi tupu. Korongo nililoliona lina maji limekauka, na dumu la lita 20 linaletwa na bodaboda kwa shilingi 500. Kumbe tambarare ile iko kwenye kivuli cha mvua: milima ya Upare inazuia mawingu yanayotoka baharini, mvua inaishia ng'ambo na juu huko wanakolima tangawizi. Haya nilifundishwa chuoni, na mtihani nikafaulu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si wewe ndiye uliyesomea mambo haya?"

Sijasahau swali lile. Ndiyo maana naandika.

1. Piga hesabu ya maji kwa madumu

Chukua daftari. Wazee wawili wanatumia kama madumu 5 kwa siku kwa kupika, kuoga na kufua. Ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji kama lita 80, yaani madumu 4. Kuku 200 wa mayai weka madumu 3 kipindi cha joto. Jumla madumu 12. Kwa shilingi 500 ni 6,000 kwa siku, 180,000 kwa mwezi. Hapo hujamwagilia hata tuta moja la mchicha. Sasa linganisha na pensheni yake ya mwezi. Kiwanja cha bei rahisi kinaweza kuwa ghali kuliko vyote.

Kuna mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe unaotoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, na ni mkombozi. Lakini bomba kufika wilayani siyo bomba kufika kwenye kiwanja chako. Waulize majirani maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

2. Pima floraidi

Ukanda wetu una volkano, na sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru maji yana floraidi nyingi. Dalili utaiona kwenye meno ya wenyeji: yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Ikizidi kwa miaka mingi inaharibu na mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, tena kunaongeza, maana maji yanapungua na floraidi inabaki. Kama ni kisima, peleka sampuli kwenye maabara ya maji ya Wizara kabla hujalipa chochote. Machujio ya mkaa wa mifupa yapo, ila ni gharama na yanahitaji kubadilishwa mara kwa mara.

3. Njia ya maji ya mvua

Mkitoka kuogopa ukame, msisahau mafuriko. Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu wengi wakafa. Uliza wazee wa pale maji yalipita wapi mwaka wa mvua kubwa. Kando ya ziwa au mto, sheria ya mazingira inataka ukae mita 60. Ukiuziwa ndani ya hizo mita, umeuziwa matatizo.

4. Hospitali kwanza, soko baadaye

Sisi tunaangalia soko. Mstaafu mwenye presha au sukari anaangalia kliniki ya kila mwezi. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, na uliza kama bima yake inapokelewa pale. Jiulize pia: akizidiwa saa nane usiku, gari linafika?

5. Karatasi

Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa muhuri wa mwenyekiti peke yake. Kumuuzia mtu asiye mkazi wa kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Mjini, nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe kiwanja kimepimwa na jina ni la anayekuuzia.

Miji yenyewe, kwa ufupi

*Moshi:* Kwa matibabu hakuna ubishi, KCMC ipo pale pale. Ila viwanja vimepanda, na juu mlimani ardhi ni vihamba vya ukoo, mgeni hapati kirahisi.

*Lushoto:* Hewa safi, mboga zinastawi. Lakini ni miteremko na baridi. Mzee mwenye magoti mabovu utamtesa.

*Korogwe:* Iko barabara kuu ya Dar, watoto wanafika kirahisi. Joto ni kali, mbu wapo, na kuku wa mayai wanapunguza kutaga.

*Karatu:* Udongo mzuri, hali ya hewa nzuri. Watalii wa Ngorongoro wanapita hapo, na bei za vitu zinawafuata.

*Babati:* Makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kwa hiyo benki, ofisi na hospitali vipo. Lami inakwenda Arusha, Dodoma na Singida. Mahindi na mbaazi vinakubali. Kaa mbali na ziwa: liliwahi kufurika, na viboko hawajui mpaka wa bustani yako.

Panga kwanza, nunua baadaye

Kama utashika jambo moja leo, shika hili. Mzazi apange nyumba mwaka mzima kwenye mji anaoutaka kabla ya kununua. Aone masika na aone kiangazi. Aone kama majirani wanamsalimia, kama kuna msikiti au kanisa lake karibu, kama akiugua kuna wa kumletea uji. Mkishindwa mwaka, basi nendeni Septemba au Oktoba, mlale hapo wiki mbili. Aprili kila kiwanja ni kizuri.

Mama tulimpangia chumba na sebule Babati. Baada ya mwaka akachagua mwenyewe robo eka yenye bomba, dakika kumi kwa bajaji mpaka hospitali. Ana kuku 60 na matuta manne ya sukuma wiki, anauza kwa majirani. Si biashara ya kujisifia, ila inalipa chakula cha kuku na umeme, na pensheni haiguswi kwa ajili ya maji.

Eka mbili za Same bado zipo. Mbuzi wa watu wanalisha humo. Nimeanza kumrudishia mama ile pesa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wangu. Anakataa, lakini naituma hivyo hivyo.

Ukiwa na mji unaoufikiria, niandikie jina la kata na chanzo cha maji. Bei ya kiwanja uitaje mwisho.

Tukutane wiki ijayo.