Ukienda Ngazija, Beba Euro na Siku za Ziada

Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege wa Hahaya, kaskazini mwa Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwani Ngazija, ni mwendo wa kama saa moja na nusu angani. Saa ya mkononi huigusi, adhana ni ile ile, na ukitega sikio kwenye foleni ya pasipoti utadaka neno hili na lile. Ndiyo maana Watanzania na Wakenya wengi hupanda ndege hiyo wakidhani wanakwenda Zanzibar ya pili. Mimi nauza vitambaa Kariakoo, na miongoni mwa wateja wangu wa miaka mingi ni akina mama wa Kingazija wanaokuja kuchukua mzigo wa harusi. Wao ndio walionialika kwao, na wao ndio walionifundisha mengi ya haya ninayoandika. Zanzibar imemjengea mtalii kila kitu, kuanzia hoteli na boti mpaka dalali wa kumshika mkono. Komoro mambo huenda kwa kujuana. Ukiwa na mwenyeji, hata mmoja tu, milango inafunguka. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi tafuta mtu: mfanyabiashara, mwanafunzi anayesoma huku, jirani mwenye shangazi Moroni. Wangazija wamejaa Dar na Unguja, hutakosa.

Viza hutolewa pale pale uwanjani na hulipwa taslimu, lakini masharti hubadilika, basi ulizia shirika la ndege mapema. Fedha ya kubeba ni euro. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, takriban faranga 492 kwa euro moja, kwa hiyo hutakesha ukihesabu bei ya kubadilishia. Shilingi iache nyumbani. Kadi ya benki inafaa kwenye hoteli chache na mashine chache za Moroni. Ukivuka kwenda kisiwa cha Mwali, chukulia kwamba fedha uliyo nayo kwenye pochi ndiyo uliyo nayo. Tafuta noti ndogo mapema, kwani dereva anayekudai faranga mia chache hana chenji ya noti ya elfu kumi. Na jiandae kwa bei: mchele, unga, kuku wa barafu, saruji, karibu vyote vinakuja kwa meli.

Magari hupita kulia. Ukivuka barabara tazama kushoto kwanza, maana mazoea yetu ya kutazama kulia yatakutoa roho. Teksi ni za kuchangia: unamsimamisha dereva, unamtajia uendako, akikubali unajibana na waliomo. Plagi zao ni za Kifaransa, za pini mbili za duara, na umeme hukatika sana, kwa hiyo chaja yetu ya pini tatu haikufai bila adapta, na betri ya akiba ni muhimu kuliko viatu vya pili.

Sasa maji. Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu hapa ndipo mgeni humkera mwenyeji bila mwenyeji kusema neno. Ngazija inanyeshewa mvua kubwa, ila haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Kisiwa kizima kimetokana na volkano, na mawe yake machanga yana matundu matundu, mvua ikigonga ardhi inazama moja kwa moja. Watu wanakinga maji ya paa na kuyahifadhi kwenye birika la saruji. Mlima Karthala ulipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia kwenye mabirika hayo na vijiji vingi vikabaki bila maji ya kunywa, ingawa moto wenyewe haukuwafikia.

Nyumba niliyofikia, kusini mwa Moroni, birika lilikuwa ubavuni mwa jiko, limefunikwa bati lililowekewa jiwe juu. Bi mkubwa wa nyumba alikuwa na ufito mrefu wenye alama za kisu. Kila Ijumaa asubuhi alifunua bati, akautumbukiza ufito mpaka chini, akautoa na kutazama unyevu umefika alama ya ngapi, kisha akaamua nani afue wiki hiyo na nani asubiri. Mimi niliwekewa ndoo moja na kata, asubuhi ndoo na jioni ndoo. Maji aliyooshea mchele aliyamwaga kwenye shina la mndimu, hakuna tone lililopotea. Ukikaa nyumba ya namna hii, usifue bila kuuliza, usiache mfereji unachuruzika, na ukiweza nunua katoni ya maji ya chupa uiweke jikoni kimya kimya. Maji ya birika usiyanywe bila kuyachemsha. Mwaka 2024 Komoro ilipata mlipuko wa kipindupindu, na afya ya tumbo si jambo la kubahatisha.

Maji hayo hayo ndiyo yanayokuchagulia mwezi wa kusafiri. Upepo wa kaskazi, Novemba hadi Aprili, huleta joto, mvua na wakati mwingine kimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita karibu kabisa na Ngazija Aprili 2019, na Chido ya Desemba 2024 iliiharibu vibaya Maore (Mayotte), kisiwa cha nne cha visiwa vya Komoro. Kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba, huwa na baridi na ukavu, na kila kitabu cha watalii kitakuambia uende wakati huo. Ni kweli, ila mabirika nayo hushuka kadiri kusi inavyoendelea, na Julai na Agosti visiwa hufurika watoto wao wanaorudi kutoka Marseille na Paris kuoa na kuozesha. Ndege zinajaa, nauli inapanda, chumba hupati. Kwa mgeni asiye na harusi nasema Mei au Juni: mvua zimekwisha na birika bado limejaa.

Lakini ukialikwa kwenye anda, ile harusi kuu, nenda hata kama ni Agosti. Mwanamume wa Ngazija anaweza kuweka akiba nusu ya maisha yake kwa ajili ya anda: dhahabu ya mke, ng'ombe, karamu ya mji mzima. Asipoifanya, hata awe daktari, kwenye bangwe, baraza la mji, neno lake halina uzito. Wako wanaosema mila hii inawafilisi, na nimewasikia wakibishana juu yake kwa uchungu. Mgeni asitoe hukumu. Kazi yako ni kuvaa vizuri, kutia fedha kwenye bahasha, na kufuata uliokuja nao, kwa sababu shughuli za wanaume na za wanawake ni mbalimbali. Usiku wa twarab utajiona uko nyumbani, maana muziki huo waliuchukua Unguja. Wanawake watakuwa wamejipaka usoni msindzano wa msandali, ambao Mzanzibari ataufananisha na liwa. Piga picha baada ya kuruhusiwa tu, na wazee wa bangwe waombe kwanza. Mkubwa msalimie kwa "kwezi". Atakujibu "mbona" na uso wake utakunjuka. Kaptura na nguo za mabega wazi ni za ufukwe wa hoteli. Pombe iko kwenye hoteli chache, huko mjini usiitafute.

Mwali ndiyo kisiwa ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kigumu kukifikia. Boti za kasi huondoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, kwenda Hoani. Ondoka asubuhi na mapema kabla upepo haujachafuka. Kabla hujatoa nauli, taka kuonyeshwa jaketi la kuokolea, ulivae ulijaribu. Ikiwa halipo, au watu wamepakiwa kupita kiasi, rudisha mguu nchi kavu, hata wakikucheka. Kwenda Maore usikubali kabisa kupanda boti zinazoitwa kwasakwasa. Maore iko chini ya Ufaransa, na tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda kwa ndugu zake. Maelfu wamezama wakivuka kwenda huko, na karibu kila familia niliyokaa nayo ilikuwa na jina la kulitaja.

Ukishafika Mwali, nenda Itsamia usiku na mwongozaji wa kijiji. Kasa wa kijani hupanda ufukweni mwaka mzima kutaga. Hutawasha tochi nyeupe wala simu, utakaa nyuma yake asikuone, na utamsikia anavyopumua kama mtu aliyebeba gunia la chumvi mlimani, huku mchanga ukirushwa kwa mapezi ya mbele. Ada unayolipa inamfaa mwanakijiji anayemlinda, kwani nyama ya kasa bado ina wanunuzi. Karthala pia hupandwa, mita 2,361. Anza alfajiri, uwe na mwongozaji, na beba maji yako yote kwani njiani hakuna.

Kuhusu chandarua na dawa za malaria, zungumza na daktari kabla ya safari. Bima iwe inayolipia kusafirishwa, kwani Wangazija wenyewe wakiugua sana wengi huletwa Dar.

Kwa safari ya kurudi, usipange kuvuka kutoka Mwali siku ile ile ya ndege. Boti hughairi, ndege za ndani huahirishwa, na bahari ya kusi haina ratiba ya mtu. Acha siku mbili, tatu ni bora, uzimalizie Moroni ukinunua vanila na mafuta ya langilangi. Chupa ya langilangi ifunge kwa nailoni mbili na uizungushie leso, uiweke katikati ya sanduku mbali na nguo za mzigo, na risiti yake uiweke kwenye pochi, kwa sababu forodha ya Dar watakuuliza.