Mauritius: Achana na Ufukwe, Fuata Maji

Ukimwambia mtu mjini hapa kwamba wewe na mwenzio mnakwenda Mauritius, picha inayomjia ni ile ile: mchanga mweupe, kiti cha kulalia chini ya mnazi, glasi yenye kimwavuli. Hapo hapo atakuuliza, "Fungate ya pili hiyo?" na jicho atakukonyeza. Sina ugomvi na ufukwe, jamani. Lakini mimi nimezaliwa Tanga, bahari nimeiona kabla sijajua kusema, na mwenzangu naye siku tatu za mchanga zinamtosha. Ya nne utamkuta anasoma barua pepe za ofisini. Ndiyo maana leo, msomaji wangu, nataka nikupeleke ndani ya kisiwa chenyewe, huko juu ambako maji yanaanguka.

Kwanza nikujuze kitu. Mauritius si kubwa, inaizidi Unguja kidogo tu. Tofauti iko kwenye mifupa yake. Unguja ni mawe ya matumbawe na haina milima, mvua ikinyesha maji yanazama ardhini, ndiyo maana ukienda kule hakuna atakayekuambia habari za maporomoko. Mauritius yenyewe ni volkano iliyoota kutoka chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Katikati imenyanyuka, mji wa Curepipe uko kiasi cha mita 550 juu ya bahari, na kilele kirefu kuliko vyote kinafika mita 828. Upepo wa kusini-mashariki unakuja umebeba unyevu wa bahari, unagonga ule mwinuko, unamwaga mvua. Na mto ukishazaliwa pale juu, safari yake hadi baharini ni fupi mno, basi hauna njia ila kushuka kwa kuruka.

Sasa niseme na sisi tulifuata nini, maana hatukwenda kupiga picha tu.

Tuna miaka tisa ya ndoa na hatuna mtoto. Tumehangaika na matibabu mara tatu, nje ya nchi na ndani, na mara tatu tumerudi nyumbani mikono mitupu. Zilibaki pesa ambazo zilikuwa za jaribio la nne. Zikakaa benki mwaka mzima, hakuna aliyezitaja. Siku moja mume wangu akasema, "Tuzitumie kusafiri." Nikasema sawa. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea siku hizo, sentensi moja moja, kama watu wanaotumiana telegramu.

Mume wangu ni Mchaga wa Marangu. Wanaowajua Wachaga wanaelewa Desemba maana yake nini: lazima kupanda nyumbani. Na kule kila mwanamke ni Mama fulani. Mama Neema, Mama Goodluck, Mama Joy. Mimi miaka tisa ni "shemeji". Mama mkwe hajawahi kunitolea neno baya usoni, nisimsingizie. Ila mwanawe aliambiwa atafute hata mmoja nje, na maneno hayo yakanifikia kwa njia zake, unajua tena mambo ya mawifi. Ambacho mama mkwe hakukijua, wala mawifi, ni kwamba vipimo vilishasema tangu mwaka wa tatu wa ndoa: tatizo liko upande wa mwanawe. Aliniomba nisiseme. Sikusema.

Haya, turudi safarini. Tulikodi gari, na kwa Mtanzania hilo halina shida kwa kuwa wenzetu nao wanaendesha kushoto. Tulianza kusini, kwenye maporomoko ya Rochester, karibu na mji mdogo wa Souillac. Barabara ya mwisho inapita katikati ya mashamba ya miwa, mbovu kwelikweli, na mwezi wa Mei miwa imesimama kuliko gari, huoni mbele wala nyuma. Halafu ghafla unasikia maji. Rochester si marefu, yapata mita 10 tu, lakini ni mapana, na mwamba wake umekatika wima kama nguzo zilizopangwa na fundi. Ni lava iliyopoa taratibu ikapasuka kwa mistari. Vijana wa pale wanapanda juu wanaruka ndani ya bwawa, kisha wanakuja kuomba chochote. Tuliwapa. Mume wangu aliwapiga picha 40 na mimi hakunipiga hata moja, na sikumwambia kitu.

Siku iliyofuata tulipanda kwenye hifadhi ya Black River Gorges, iliyoanzishwa mwaka 1994 ili kulinda misitu ya asili iliyobaki. Ukisimama kwenye sehemu ya kutazamia maporomoko ya Alexandra unaona mabonde ya kijani hadi baharini. Pazuri, ila unatazama kwa mbali, kama mtu anayetazama harusi ya watu dirishani. Kilichonifurahisha zaidi ni mapera madogo mekundu yanayouzwa barabarani kwa chumvi na pilipili. Wanayaita mapera ya Kichina. Wahifadhi hawayapendi hata kidogo kwa sababu miti yake imevamia msitu na kuibana miti ya asili, kwa hiyo niliyala kwa moyo mweupe kabisa, nikijihesabu mhifadhi.

Sasa siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuna mahali panaitwa Sept Cascades, yaani maporomoko saba, kwenye mto Tamarin. Kwa Kiingereza wanayaita Tamarind Falls, na tamarind ni ukwaju wetu huu huu, kwa hiyo ukitaka waite maporomoko ya ukwaju. Juu yake kuna bwawa lililojengwa kwa ajili ya umeme, halafu maji yanashuka ngazi kwa ngazi, yote kwa pamoja karibu mita 300. Saba ni jina tu, wapo wenyeji wanaohesabu 11. Unaanzia kijiji cha Henrietta, na hapo nakusihi: usiingie bila mtu wa kukuongoza. Njia hazina alama za kueleweka, mawe yanateleza, na mvua ikinyesha huko juu mto unajaa kwa dakika chache wakati wewe uko chini unajipiga picha. Watu wameumia pale.

Kijana aliyetuongoza alikuwa mwembamba, mcheshi, anaongea Kikreoli na Kiingereza cha kutosha. Tumetembea dakika 10 akauliza, kama wanavyouliza wote duniani, watoto tumewaacha na nani. Kwa kawaida hapo mume wangu hujibu haraka, "Mungu hajajalia bado," na mazungumzo yanafungwa. Safari hii alinyamaza. Kijana akaelewa, akaanza kutuonyesha nyani.

Kushuka kule si lelemama. Udongo ni mwekundu, umelowa, mizizi imejitokeza kama mishipa. Kuna sehemu unashika kamba, sehemu nyingine unashika mti, na sehemu nyingine hakuna kamba wala mti, unashika mtu. Mume wangu alitangulia. Anaweka mguu, anageuka, ananyoosha mkono. Anaweka mguu, anageuka, ananyoosha mkono. Nadhani tulishikana mikono siku ile kuliko mwaka mzima uliotangulia, na si mapenzi ya sinema, ni kuogopa kuvunjika kiuno.

Tukafika kwenye poromoko moja kubwa, lina kidimbwi chini, maji ya baridi mpaka meno yanauma. Kijana akaenda kukaa kwenye jiwe la mbali na sigara yake. Na hapa niwaambie, maporomoko yana kitu ambacho ufukwe hauna: kelele. Huwezi kunong'ona. Ukitaka kusema jambo, sema kweli au nyamaza.

Mume wangu alisema kitu, sikusikia.

"Unasemaje?"

"Nimechoka!"

"Tupumzike basi, tumekaa hapa!"

"Sio kutembea!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Nimechoka na sindano! Nimechoka kukuona unahesabu siku! Sitaki tena hospitali!"

Miaka tisa sijawahi kumsikia akisema anachotaka. Siku zote ni "utakavyoona wewe, Bibie". Nikakaa kimya, na yeye akadhani sijasikia, akarudia yote tena, kwa sauti ya juu zaidi, hadi kijana kule kwenye jiwe akageuza uso akatazama miti.

"Na mimi nimechoka!" nikamwambia. "Nimechoka kuitwa mgumba kwenye kikao cha ukoo wako!"

Hapo alikaa chini, miguu ndani ya maji. Sikusema zaidi. Tulikaa hivyo muda mrefu, matone yanatupiga usoni, na kama mtu alilia hakuna aliyeweza kujua. Mwishowe akanisogelea, akaweka mdomo kwenye sikio langu kabisa. "Leo nampigia Mama."

Kupanda kurudi Henrietta kulichukua muda mara mbili ya kushuka. Juu pale tulinunua dholl puri, chapati laini yenye dengu ndani, unakunjiwa na mchuzi wa maharage na achari ya pilipili. Kule haiuzwi moja, inauzwa jozi. Tulikula jozi nne.

Usiku ule alipiga. Nilitaka kutoka chumbani, akanizuia kwa mkono. Alizungumza dakika tatu, kwa Kichaga, na lugha hiyo mimi nashika maneno machache, lakini jina langu nililisikia mara mbili. Halafu kule upande wa pili kukawa kimya. Kimya cha muda mrefu hadi akatazama simu kuona kama imekatika. Kisha mama mkwe akauliza kwa Kiswahili, "Mmekula?"

"Tumekula, Mama."

"Haya. Lala."

Siku mbili hakupiga, na wala hakujibu ujumbe. Wenye wakwe mnaelewa siku mbili hizo zilivyokuwa.

Kwa wale mnaopanga kwenda, niseme hapa kabla sijasahau. Mvua kubwa na vimbunga ni kuanzia Novemba hadi Aprili, na Januari hadi Machi ndiyo kipindi kibaya zaidi. Maporomoko yanakuwa yamejaa kweli, ila njia nyingi hazipitiki. Ukienda Agosti njia ni kavu lakini maji yamepungua. Mimi nachagua Mei: mvua imeshapoa, mito haijakonda. Raba zenye soli ya meno chukua, ndala acha hotelini. Na koti jepesi, kwa sababu kule juu kuna baridi ambayo mtu wa pwani hataitegemea.

Tulimalizia Chamarel, kusini-magharibi. Haya ndiyo maporomoko yaliyo kwenye kadi zote za posta, mkondo mmoja ulionyooka unaodondoka zaidi ya mita 80 ndani ya shimo la kijani. Tiketi hiyo hiyo inakuingiza kwenye ardhi ya rangi saba, vilima vya mchanga mwekundu, kahawia na zambarau. Ni mwamba wa volkano uliooza ukaacha madini ya chuma na aluminiamu, na hakuna mche unaoota. Wana pia kobe wakubwa wa Aldabra, ndugu kabisa wa wale wa kisiwa cha Changuu pale Zanzibar, ambao nao walitoka Shelisheli.

Ukiwa kwenye vilima hivi unauona mlima Le Morne umesimama peke yake baharini. Watumwa waliotoroka walijificha kule, na UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Baadhi ya watumwa wa kisiwa hiki walitoka pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watu 1,000 kila mwaka. Utumwa ulikomeshwa hapa tarehe 1 Februari 1835, na hadi leo siku hiyo ni sikukuu. Nilimsimulia mume wangu, naye akauliza kama walichukuliwa mke na mume pamoja. Sikuwa na jibu.

Tuko pale kwenye uzio wa kutazamia, simu ikalia. Mama mkwe, kwa video. Uso wake ulijaa kioo, nusu paji la uso, nusu kilemba.

"Niko wapi? Mbona naona miti?"

Mume wangu akageuza simu ayaone maporomoko. Alitazama muda.

"Hayo ndiyo mliyofuata?"

"Ndiyo, Mama."

"Pesa yote hiyo, ndege, hoteli, kutazama maji yanaanguka? Na Kinukamori iko hapa Marangu, kutembea kwa miguu?"

Nikacheka, sikujizuia. Akanisikia.

"Mwenzio yupo hapo? Mpe simu."

Nikapokea. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanyamaza kidogo, akasafisha koo. "Desemba ukija, usimwachie huyu begi la nguo, ananunua vitu vya ajabu. Wewe nitakupeleka Kinukamori mimi mwenyewe. Magoti yanauma, lakini nitakupeleka."

"Asante, Mama."

"Na huko kuna baridi. Vaa sweta."