Fahamu Maji na Barafu Yanavyobadili Nguvu ya Volkeno

Maporomoko ya matope yaliyoikumba Katesh, wilayani Hanang', alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, na kuua watu zaidi ya 80, yalizua hofu kwamba mlima umelipuka. Baada ya uchunguzi wa wataalamu wa jiolojia, Serikali ilieleza kuwa haikuwa volkeno. Sehemu ya mlima ilimeguka baada ya miamba dhaifu kunyonya maji ya mvua.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani eneo la kutoka Hanang' hadi Ngorongoro lina volkeno nyingi. Katika Kata ya Baray, wilayani Karatu, urithi huo ni neema: mvua inayonyesha kwenye misitu ya Ngorongoro huzama katika miamba ya volkeno zilizokwishazimika na kuibuka kama chemchemi katika bonde la Ziwa Eyasi, ambako wakulima humwagilia vitunguu.

Hali huwa tofauti maji ya ardhini yanapokutana na magma. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na yakiwa yamebanwa chini ya miamba huipasua. Mashimo ya Basotu, wilayani Hanang', ambayo baadhi yake leo ni maziwa, yalichimbwa na milipuko ya aina hiyo. Barafu nayo hufanya kazi hiyo hiyo ikiyeyuka. Mwaka 2010, volkeno ya Eyjafjallajökull nchini Iceland ililipuka chini ya barafu na kutoa majivu laini yaliyosimamisha safari za ndege Ulaya. Wakulima wa maua nchini Kenya wakakosa njia ya kufikisha mazao yao sokoni.

Hata hivyo, si kila mlipuko hugusa tabianchi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino, uliolipuka mwaka 1991, ulirusha gesi ya salfa hadi tabaka la juu la angahewa, na joto la dunia likashuka kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi. Volkeno ya Hunga Tonga, iliyolipuka chini ya bahari Januari 15, 2022, ilipeleka huko mvuke mwingi kiasi cha kuongeza maji ya tabaka hilo kwa takriban asilimia 10. Mvuke hunasa joto, kinyume na salfa.

Ol Doinyo Lengai, volkeno hai iliyo jirani na Ngorongoro, ililipuka Septemba 2007 bila athari ya namna hiyo, ingawa majivu yake yaliangukia malisho ya wafugaji. Mlipuko huo ulitanguliwa na matetemeko ya Julai yaliyosikika hadi Nairobi. Matope ya Hanang' hayakutanguliwa na tetemeko, bali na mvua kubwa.