Baraka Iliyogeuka Laana: Kauli ya Kutendwa katika Riwaya ya Eldest

Katika kurasa hizi tumezoea kueleza sarufi kwa mifano ya magazeti na ya mitihani. Safari hii tumeutoa mfano wetu kwenye riwaya ya vijana ya Kiingereza, yenye majoka na watu wa uchawi. Sababu ni kwamba kosa moja la kitenzi limebeba sehemu kubwa ya hadithi hiyo, nalo ni kosa lile lile ambalo sisi walimu hapa Kampala tunalisahihisha kila wiki.

Riwaya yenyewe ni Eldest, ya Christopher Paolini, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1983 na kuanza kuandika akiwa na miaka 15 huko Montana. Kitabu cha kwanza, Eragon, kilichapishwa na familia yake mwaka 2002, kisha na kampuni ya Knopf mwaka 2003. Eldest kilifuata Agosti 2005. Wakati huo vilikusudiwa vitabu vitatu, kwa hiyo hiki kilikuwa cha kati hasa. Baadaye kile cha tatu kilirefuka mno kikagawanywa, tukapata Brisingr (2008) na Inheritance (2011).

Vitabu vya kati huwa na shida yake: mwanzo umekwisha kusimuliwa, na mwisho hauruhusiwi kufika. Paolini ameijaza nafasi hiyo kwa masomo. Eragon, kijana wa shambani aliyeokota yai la joka, anakwenda kufundishwa katika msitu wa Du Weldenvarden. Mgongoni ana jeraha linalomwangusha kwa maumivu. Mwalimu wake, Oromis, naye hana afya, na joka wa mwalimu huyo amepoteza mguu. Wapo wasomaji wanaochoshwa na sura hizo na kuruka hadi zile za binamu yake Roran, anayewavusha wanakijiji milima na bahari wakiwakimbia askari wa mfalme Galbatorix. Sisi tunaona sura za darasani ndizo zenye uzito, ingawa mtatuambia mwalimu hakosi kuusifu ubao wake.

Katika hadithi hii uchawi ni lugha. Ipo Lugha ya Kale, ambayo Paolini aliijenga kwa kukopa sana kutoka lugha ya zamani ya Skandinavia, na anayejua humo jina la kweli la kitu anaweza kukiamuru. Hakuna awezaye kusema uongo kwa lugha hiyo, na kiapo kilichotamkwa humo hakivunjiki. Ndiyo maana mwishoni mwa Eldest, Murtagh, aliyekuwa rafiki wa Eragon, anarudi akiwa adui: mfalme amelijua jina lake la kweli na kumwapisha kwa nguvu.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Katika kitabu cha kwanza Eragon aliombwa ambariki mtoto mchanga, yatima, naye akambariki kwa Lugha ya Kale aliyoijua nusunusu. Alikusudia kumwombea akingwe na mabaya. Ni katika kitabu cha kati anapogundua kwamba alichotamka kilimfanya mtoto awe kinga. Tofauti ni ya umbo la neno tu, lakini lugha ile haiangalii nia ya msemaji. Mtoto huyo, Elva, anakua kwa kasi isiyo ya kawaida, anasikia maumivu ya kila aliye karibu naye, na analazimika kuwakinga wengine hata kama mwenyewe anaumia. Tunapokutana naye ana mwili wa mtoto mdogo na maneno ya mtu mzima aliyechoka.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji tafsiri ndefu hapa. “Ukinge” na “ukingwe” vimetenganishwa na w moja. “Ubariki” ni agizo, “ubarikiwe” ni dua. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kiganda huikosa w hiyo si kwa uvivu. Kwao kutendwa hubebwa na silabi nzima, kama okukuuma na okukuumibwa, kwa hiyo sikio linangoja kishindo ambacho Kiswahili hakikitoi.

Kuna mtego wa pili, ambao tumeutega wenyewe hapo juu. Tunasema “Mungu akukinge na mabaya” na kila mtu anaelewa. Lakini tukigeuza kuwa “ukingwe na mabaya”, ile “na” inaweza kusomwa kama ya mtenda, ikawa mabaya ndiyo yanayokinga! Katika maandishi tunashauri “ukingwe dhidi ya mabaya”.

Mambo haya hayaishii darasani. Hapa Uganda Kiswahili kinatumika polisi na jeshini. Mtu aliyepigwa akifika kituoni na kusema “nilipiga jana usiku”, karani ataandika alichosikia, na mlalamikaji atakuwa amegeuka mshitakiwa kwa kalamu.

Tukiongeza neno kuhusu tafsiri, wanafunzi waliojaribu kutafsiri kurasa chache walikwama mapema. “Mchawi” kwetu ni mtu wa usiku, si shujaa, na “mganga” ana wateja na ada yake. Wale watu wa msituni wasiozeeka tukiwaita kwa jina lao la Kiingereza lililoongezwa irabu, tutapata “elfu”, na msomaji atadhani tunahesabu. Mbilikimo na joka havikutusumbua.

Elva hakuponywa katika Eldest. Ilibidi wasomaji wangoje miaka mitatu, hadi Brisingr, Eragon alipojaribu kuyatengua maneno yake. Alifanikiwa kwa sehemu tu: ule ulazima ukaondoka, lakini uwezo wa kuhisi maumivu ya wengine ukabaki, na sasa Elva ana hiari ya kusaidia au kugeuza uso.