Nyasi changa zina protini tele, ng'ombe aongezewe wanga

Masika yakianza, nyasi changa za kikuyu huchipuka Kinangop na Ol Kalou zikiwa na protini tele. Maziwa yasipoongezeka, baadhi ya wafugaji hununua chakula chenye protini zaidi. Hapo ndipo pesa hupotea.

Protini hubeba nitrojeni. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe, bakteria huivunja haraka ikawa amonia, kisha huitumia kujijenga. Bakteria hao baadaye humeng'enywa na kumpa ng'ombe protini. Kazi hiyo huhitaji nishati, na wanga huitoa. Nishati isipotosha, amonia huingia kwenye damu, ini huigeuza yurea, nayo hutoka kwa mkojo. Kwa kawaida, takriban robo tu ya nitrojeni iliyoliwa hufika kwenye maziwa.

Kilo moja au mbili za mahindi yaliyosagwa kwa siku, zikigawanywa nyakati za kukamua, husaidia. Viazi vidogo visivyopata soko vinafaa pia, mradi vikatwekatwe. Vya kijani na vilivyochipua vina sumu. Wanga uongezwe polepole kwa wiki mbili, kwani mwingi wa ghafla huleta asidi tumboni. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: nyasi zilizokauka hupungukiwa na protini yenyewe.