Askari wa damu: Jinsi chembe T zinavyokabili virusi, na funzo la wanawake wa Majengo

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini homa ya mafua hukulaza kitandani siku nne au tano, kisha asubuhi moja ukaamka mwepesi na kuitisha chai na mkate kana kwamba hukuwa mgonjwa? Pengine ulimsifu mwenye duka la dawa. Pengine ulisifu maji ya ndimu na tangawizi aliyokuchemshia nyanya. Lakini mara nyingi aliyekuokoa ni askari usiyemwona wala kumlipa mshahara, na anakesha ndani ya damu yako hata sasa unaposoma gazeti hili.

Askari huyo anaitwa chembe T. Ni aina moja ya chembechembe nyeupe za damu, na mtaalamu akimweleza kwa lugha ya maabara wengi wetu hufunga kitabu. Leo tutamweleza kwa lugha ya mtaani. Kumwelewa ni kuelewa jinsi chanjo inavyofanya kazi, kwa nini Ukimwi ulitulemea miaka mingi, na kwa nini kikundi kidogo cha wanawake wa hapa Nairobi kiliwashangaza madaktari wa dunia nzima.

Nguo kwenye kamba

Kwanza, tumjue adui. Virusi si kama bakteria. Bakteria ni kiumbe kamili kinachoweza kujilisha na kuzaana chenyewe. Virusi haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya chembe ya mwili wako, vikaiteka na kuilazimisha kutengeneza virusi vingine kwa maelfu. Ndiyo sababu antibiotiki, ambazo huua bakteria, hazifui dafu mbele ya mafua.

Mwili una walinzi wa aina nyingi. Wako walio kama mabawabu wa lango kuu, ambao humrukia yeyote mgeni bila kuuliza jina. Kuna pia kingamwili, ambazo huelea katika damu na kunasa virusi vikiwa bado njiani. Lakini virusi vikishaingia ndani ya chembe na kufunga mlango, kingamwili hubaki nje. Hapo ndipo chembe T huitwa.

Sasa chembe T hujuaje kuwa nyumba imevamiwa, ilhali mlango umefungwa? Fikiria jengo la ghorofa huko Eastlands. Huwezi kuona ndani ya kila nyumba, lakini ukitazama nguo zilizoanikwa kwenye kamba utajua ni nani anaishi humo. Ukiona nepi, kuna mtoto mchanga. Ukiona sare za shule, kuna wanafunzi.

Chembe zako hufanya vivyo hivyo. Kila moja huchukua vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani yake na kuvianika nje, juu ya kamba maalumu. Chembe T hupita ikikagua kamba moja baada ya nyingine. Ikikuta vipande vya kawaida, huenda zake. Ikikuta kipande cha virusi, hutambua kwamba mwenye nyumba ametekwa.

Siri hii iligunduliwa na wanasayansi wawili waliokuwa wakifanya kazi Canberra, Australia: Peter Doherty, ambaye alisomea udaktari wa mifugo, na Rolf Zinkernagel kutoka Uswisi. Mnamo 1974 walionyesha kwamba chembe T ya panya huua chembe zilizoambukizwa za panya wa nasaba yake, lakini huziacha zile za panya wa nasaba nyingine, hata kama virusi ni vilevile. Maana yake ni kwamba chembe T hutazama vitu viwili kwa pamoja, nguo ngeni na kamba ya nyumbani. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1996.

Shule yenye mtihani mkali

Herufi T ni ya thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa muda mrefu madaktari wengi waliiona tezi hii kuwa haina kazi. Ni mwaka wa 1961, huko London, ambapo Jacques Miller aliitoa kutoka kwa panya waliozaliwa karibuni na kuona kwamba panya hao walikosa kinga na kushindwa na maradhi.

Chembe T huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha hupelekwa kwenye thaimasi kusoma. Mitihani ni miwili. Wa kwanza: je, unaweza kusoma kamba ya nyumbani? Asiyeweza hafai. Wa pili: je, unawashambulia wenyeji? Anayefanya hivyo ni hatari, naye huondolewa. Wanafunzi zaidi ya 95 kati ya kila 100 hufeli, na anayefeli hufa. Ukilalamika kwamba mitihani ya watoto wako ni migumu, kumbuka hii.

Wanaofuzu hutoka wakiwa na kazi mbalimbali. Hapa tutaje makundi mawili makubwa. Kuna chembe T wasaidizi, ambazo madaktari huziita CD4. Hizi ndizo zenye kipenga: zikipuliza, kingamwili hutengenezwa kwa wingi na askari wengine huamka. Kuna pia chembe T wauaji, yaani CD8. Muuaji hujibana na chembe iliyotekwa, akaitoboa kwa protini iitwayo perforini, na kupenyeza vimeng'enya viitwavyo granzimu vinavyoiamuru chembe hiyo ijiue. Jirani asiye na hatia huachwa salama.

Kwa nini basi tunaugua siku kadhaa? Kwa sababu kila chembe T hutambua kipande cha aina moja tu, na zinazotambua virusi fulani huwa chache mno. Lazima kwanza zipatikane, nyingi zikingoja katika tezi kama zile zinazovimba chini ya taya, kisha zizaane mpaka ziwe jeshi. Kazi hiyo huchukua takriban wiki moja. Joto la mwili na uchovu unaokuvunja viungo ni sehemu ya kelele za vita hivyo. (Lakini usipuuze homa ya mtoto ukidhani ni mafua tu. Mpeleke apimwe malaria.)

Vita vikiisha, askari wengi hufa. Wachache hubaki wakiwa na kumbukumbu, na virusi vilevile vikirudi, huamka upesi. Kumbukumbu hiyo yaweza kudumu. Mwaka wa 2020 watafiti walipata chembe T za kumbukumbu kwa watu walioponea ugonjwa wa SARS mwaka wa 2003, miaka 17 baadaye.

Ajabu ya Majengo

Sasa turudi nyumbani. Mnamo 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwahudumia na kuwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani. Miongoni mwao walikuwa Dkt Francis Plummer na muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa.

Habari zilikuwa za kuhuzunisha. Kati ya wanawake 424 waliosajiliwa baina ya 1985 na 1994 wakiwa hawana virusi vya HIV, 239 waliambukizwa. Lakini kilikuwapo kikundi kidogo ambacho, mwaka baada ya mwaka, kilipimwa na kukutwa hakina virusi, ingawa wanawake hao walikuwa katika hatari ileile kama wenzao.

Damu yao ilipochunguzwa, wengi wao walikutwa na chembe T wauaji zilizotambua vipande vya HIV. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1998. Ilionekana kana kwamba virusi vilikuwa vimebisha hodi, na askari wakavifukuza kabla havijajenga. Matumaini yalipanda, na mwaka wa 2001 chanjo iliyobuniwa ili kuamsha chembe T kama hizo ilianza kujaribiwa kwa watu wa kujitolea hapahapa Nairobi.

Mwaka huohuo wa 2001 zikaja habari nyingine. Baadhi ya wanawake waliodhaniwa kuwa sugu waliambukizwa. Watafiti walipochunguza, waligundua kwamba maambukizi hayo yalihusiana na kupunguza kazi au kupumzika kwa muda kabla ya kurudi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba askari wao walihitaji kukumbushwa mara kwa mara. Adui alipokosekana kwa miezi, jeshi lilipungua, na aliporudi alikuta lango wazi.

Chanjo nayo iliamsha kinga hafifu ikaachwa. Mnamo 2007 chanjo nyingine ya aina hiyo, iliyojaribiwa katika mabara kadhaa, ilisimamishwa baada ya kuonekana haizuii maambukizi, na kwamba baadhi ya wanaume waliochanjwa waliambukizwa zaidi kuliko wasiochanjwa.

Mwenye kipenga anapotekwa

Ugumu ni huu, msomaji: HIV huishambulia chembe yenyewe yenye kipenga, CD4. Tena, hupenda zaidi chembe iliyo macho na yenye shughuli. Kwa hivyo kuamsha askari wengi ovyo ni kama kumwandalia adui karamu. Mnamo 2009, watafiti waliowachunguza tena wanawake sugu wa Nairobi waliona kwamba chembe T zao kwa jumla zilikuwa tulivu kuliko za wengine. Huenda ni utulivu huo, pamoja na wauaji wachache waliojua kazi, uliowalinda.

Mtu mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila tone dogo la milimita moja ya ujazo. Zikishuka chini ya 200, mwili hauna wa kuuamsha, na maradhi kama kifua kikuu huingia bila upinzani. Dawa za kupunguza makali huzuia virusi kuzaana, na CD4 hupanda tena. Anayezimeza bila kukosa mpaka virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Lakini mbona dawa hizo ni za maisha? Kwa sababu baadhi ya virusi hujificha ndani ya chembe T za kumbukumbu zilizolala. Kumbukumbu ileile inayotulinda ndiyo maficho ya adui. Ukiacha dawa, huamka.

Funzo kwako

Dkt Plummer alifariki Februari 2020, akiwa hapa Nairobi kwa sherehe za miaka 40 ya ushirikiano huo. Yeye na wenzake waliandikwa vitabuni. Wanawake wa Majengo, waliotoa damu yao mwaka baada ya mwaka ili dunia ijifunze, majina ya wengi wao hayakutajwa. Ukipita Pumwani, usiwadharau. Mengi tunayojua kuhusu kinga dhidi ya HIV yalitoka mishipani mwao.

Nao wametuachia onyo. Ikiwa hata wao, waliokuwa na askari hodari vile, waliweza kuambukizwa, basi asiwepo kijana wa chuo wa kujidanganya kwamba damu yake ni ngumu. Kupimwa mara moja na kukutwa huna virusi si kinga. Tumia kondomu, pima, na ukikutwa navyo anza dawa mara moja.

Na wewe mzazi, kumbuka kwamba chanjo ni njia ya kuwafundisha askari wa mtoto wako kumjua adui bila kupigana vita vyenyewe. Ile ya surua hutolewa akiwa na miezi tisa, kisha miezi 18. Wengi huenda kwa ya kwanza na kuisahau ya pili. Kabla ya jua la leo kutua, hebu fungua kile kijitabu cha kliniki uone kama kuna pengo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.